Kaa wa Ghorofa ya Tatu

Siku ya Jumatano, wageni wakiwa bado hata hawajafunga mizigo, Honorata alikuwa ameshabandika ratiba yao kwenye mlango wa friji. Jumamosi saa tatu asubuhi, makumbusho. Saa tano na nusu, mnara. Saa saba, chakula cha mchana, dakika arobaini na tano. Binti yake Queen, mwenye miaka kumi na miwili, aliisoma yote huku akitafuna tufaha, kisha akauliza kwa Kiingereza kama wageni wataruhusiwa kwenda chooni.

"Wakitaka kwenda waseme mapema," Honorata akajibu kwa Kiswahili, na hakuwa anatania sana.

Ndivyo walivyozoea hao wawili. Mama anasema Kiswahili, mtoto anajibu Kiingereza, na siku zinakwenda.

Honorata alikuwa na miaka arobaini na miwili, mzaliwa wa Muleba, na mwaka huo ulikuwa wa kumi na moja tangu afike Maryland. Kazi yake ilikuwa Beltsville, kwenye mabanda ya vioo ya watafiti wa kilimo, ambako alipima majani, akahesabu wadudu na kuangalia joto lisipande wala kushuka. Mimea haijui sikukuu, kwa hiyo na yeye alikuwa hazijui. Siku zake za likizo zilikuwa zimelundikana hadi bosi wake akawa anamtumia barua pepe za kumkumbusha. Mume wake, Cosmas, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na wikiendi hiyo alikuwa njiani kuelekea Texas. Nyumbani kwao, ghorofa ya tatu ya jengo moja la matofali mekundu huko Lanham, kulikuwa kimya na safi, na kila kitu kilikuwa mahali pake.

Wageni wenyewe walikuwa wawili. Mumbi alikuwa Mkenya wa Thika, anayeishi Guangzhou mpaka leo akisafirisha vigae na mabomba ya vyoo kwenda Mombasa. Elieth alikuwa wa Moshi, mwalimu wa chuo huko Morogoro, na alikuwa ameletwa Chicago kwa mafunzo ya wiki mbili. Miaka mingi nyuma wote watatu walisoma kilimo kwenye chuo cha Kichina huko Nanjing, wakalala chumba kimoja miaka mitatu, wakapikia ugali kwenye jiko la umeme lililokatazwa na mlezi wa bweni. Tangu siku walipoagana pale kituo cha treni, miaka kumi na mitano, hawakuwahi kukaa tena chini ya paa moja. Mumbi alipopata safari ya kibiashara New York, aliandika kwenye kundi lao la simu: "Wikiendi ni ya Hono. Asilete story za kazi."

Ijumaa alasiri Honorata aliwapokea uwanja wa ndege wa Dulles. Ndege zao zilitofautiana kwa saa moja tu, naye alikuwa amefika saa mbili kabla. Elieth alitangulia, mwembamba vilevile, miwani mipya, begi dogo la mgongoni. Walikumbatiana wakakaa hivyo mpaka mlinzi akawaomba wasogee kidogo, watu wapite. Mumbi naye alisikika kabla hajaonekana.

"Kamandaaa!"

Watu wote wa pale mlangoni waligeuka. Honorata akahisi masikio yanawaka. Jina hilo hakuna aliyemwita tangu Nanjing.

"Punguza sauti, mwenzangu," alisema huku akicheka.

"Nipunguze kwa nini? Nimelipia tiketi na sauti yangu!"

Njia nzima, kuanzia Herndon mpaka wanavuka daraja kuingia Maryland, magari yalikuwa yamesimama kama yameegeshwa, lakini ndani ya gari la Honorata hakuna aliyeona. Walizungumza wote kwa pamoja. Queen, aliyekaa nyuma katikati ya mashangazi wawili aliokuwa akiwajua kwa picha tu, alivua vipokea sauti vyake masikioni bila kuambiwa.

"Mama yako alikuwa Kamanda wa bweni zima," Elieth akamwambia. "Maji yakikatika, Kamanda. Mtu akiumwa, Kamanda. Na dansi ikipigwa, basi ndiyo usiseme."

Queen aliuliza kwa Kiingereza: Mama yangu? Huyu?

"Huyu huyu," Mumbi akasema. "Ama kuna mwingine mmemficha?"

Honorata alitazama barabara, akabadilisha mazungumzo.

Jumamosi asubuhi ratiba ilianza kubomoka saa tatu kasoro, Mumbi alipokuwa bado kitandani. Wakafika makumbusho saa tano. Elieth alisimama mbele ya kasha moja la mbegu za kale akasoma kila neno, na Mumbi akakaa kwenye benchi akivua viatu. Baada ya nusu saa alisema maneno ambayo wenzake walikuwa wakiyangoja bila kujua.

"Mnakumbuka kaa wa Nanjing?"

Elieth aligeuka kutoka kwenye mbegu zake. Nani asingekumbuka? Kila vuli, wanafunzi hao watatu walikuwa wakichanga, wanapanda basi mpaka ziwani, wanarudi na kaa wamefungwa kwa nyuzi, wanawapika kwa tangawizi na siki, wanakula wamekaa sakafuni mpaka vidole vinauma.

"Hapa Maryland wanajulikana kwa kaa," Honorata akasema, na papo hapo akajuta. "Lakini saa saba tuna nafasi kwenye ule mgahawa wa—"

"Hono, hii ratiba ni ya jela ama?" Mumbi alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. "Mwishoni mwa Septemba, kaa wamenona, sisi tuko hai, watoto wetu ni wazima. Twende."

Wakaenda soko la samaki la pale mtoni, mjini, ambako wauzaji husimama juu ya majahazi ya chuma yaliyofungwa kando ya gati na kuita wateja. Muuzaji akauliza kama wanawataka waliokwisha kupikwa kwa mvuke au wazima. Honorata akasema waliopikwa. Mumbi na Elieth wakasema wazima, kwa sauti moja. Queen alipoulizwa, akainua bega kidogo, halafu akasema na yeye wazima. Basi wakafungiwa kaa thelathini na sita, wa rangi ya buluu kwenye magando, wenye hasira, ndani ya boksi la karatasi ngumu.

Tatizo lilikuwa barafu. Muuzaji aliweka juu vipande kadhaa ili wapoe, na kutoka mtoni mpaka Lanham ni mwendo. Walipoegesha gari nyuma ya jengo, sehemu ya chini ya boksi ilikuwa imelowa. Honorata aliiona. Alisema, "Ngojeni nilete beseni," lakini Mumbi alikuwa ameshalibeba kifuani kama mtoto, anaingia kwenye lifti.

Ghorofa ya tatu mlango wa lifti ulifunguka, Mumbi akapiga hatua moja kuingia ukumbini, na boksi likaachia.

Kaa hawakuanguka wote kwa mpigo. Waliteremka kama mchele unaotoka kwenye gunia lililotoboka, kundi baada ya kundi, na kila aliyegusa sakafu alichagua upande wake. Wengine walishika ukumbi kulia, wengine kushoto. Watano walirudi ndani ya lifti. Elieth alipanda juu ya sanduku la kizimamoto, ambalo halikujengwa kwa ajili hiyo. Mumbi alisimama katikati na boksi tupu, akipiga kelele kwa Kikuyu. Mlango wa lifti ukajifunga taratibu, na lifti ikashuka na wale watano, hakuna mtu ndani.

Huko chini alikuwa anangoja jirani wa ghorofa ya kwanza, Haile, Mwethiopia wa makamo aliyekuwa akipandisha mafurushi ya mama mkwe wake. Alieleza baadaye kwamba alipoona mlango umefunguka na kaa watano wamesimama mle ndani wamenyanyua magando kama watu wanaoshuka, kwanza aliwapisha.

Juu, mlango wa chumba namba kumi na nne ulifunguka. Akatoka Bi Kizzy, mama Mmarekani Mweusi wa miaka sabini na kitu, mrefu, kilemba cha zambarau, ufagio mkononi. Honorata alikuwa akipishana naye miaka mitatu. Walikuwa wakisalimiana kwa kutikisa kichwa na kusema "hai", basi. Sasa yule mama alitazama ukumbi, akatazama kaa aliyekuwa akipanda kizingiti chake, akanyoosha mgongo na kusema kwa Kiswahili, pole pole, kila silabi ikiwa imepigwa pasi:

"Jirani mpendwa. Je, kaa hawa ni wako?"

Elieth nusura adondoke.

"Ni... ni wangu, mama," Honorata akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Tafadhali usifadhaike. Nitawazuia upande huu."

Na hapo ndipo jambo fulani likatokea ndani ya Honorata. Pengine lilikuwa jina lile la jana, pengine kule kuona kwamba hakuna ratiba duniani iliyoandikwa kwa siku ya namna hii. Alifungua mlango wake, akavua viatu akavitupa ndani. Akachukua khanga iliyoning'inia nyuma ya mlango, akaifunga kiunoni juu ya suruali.

"Queen, funga milango yote iliyo wazi, kisha leta koleo la jikoni na glavu za oveni. Elieth, shuka hapo, chukua barafu yote iliyo kwenye friji, weka kwenye beseni la kufulia. Mumbi, acha kelele, tandaza taulo lililolowa huku mwisho wa ukumbi. Tusiwakimbize! Wakipoa wanalegea. Tuwapoze."

"Ndiyo huyo sasa!" Mumbi akafoka kwa furaha. "Kamanda amerudi!"

Kule kazini Honorata alikuwa ametumia miaka akiwalaza wadudu kwa baridi ili awahesabu, na kumbe kaa hana tofauti kubwa na mdudu. Aliwashika mmoja mmoja kwa nyuma, mahali ambapo gando halifiki, akawatumbukiza kwenye barafu, na kila mmoja baada ya dakika chache alitulia kama aliyekumbuka usingizi. Bi Kizzy aliwarudisha kwa ufagio wale waliojaribu kupenya, akiwaambia kila mmoja, "Samahani, ndugu, huku hakuna njia." Haile alitokea ngazini na wale watano wa lifti ndani ya sufuria, ameifunika kwa koti lake, akauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu aliyepoteza abiria.

Walihesabu. Thelathini na watano.

"Mmoja tumwachie jengo," Mumbi akasema, lakini Queen alikuwa amepiga magoti, simu yake ikiangaza chini ya rafu ya viatu iliyokuwa mlangoni pa Bi Kizzy. Akanyoosha mkono wenye glavu, akavuta ndara moja ya manyoya ya rangi ya waridi. Mle ndani, amejikunja raha mustarehe, alikuwa wa thelathini na sita. Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, na Queen akacheka kuliko wote, kicheko ambacho mama yake hakuwa amekisikia tangu mtoto aanze darasa la sita.

Kaa thelathini na sita ni wengi mno kwa wanawake watatu na msichana mmoja. Isitoshe, watu walikuwa wameshatoka milangoni. Kwa hiyo Honorata, ambaye kwa miaka mitatu hakuwa amemkaribisha jirani hata chai, alisikia mdomo wake ukisema wote wateremke uani saa kumi, na kila mtu abebe kiti chake.

Waliunganisha meza mbili kwenye nyasi nyuma ya jengo, wakatandika magazeti. Elieth alipika sufuria moja ya Nanjing, tangawizi na siki, na Bi Kizzy akapika nyingine kwa ule unga mwekundu wa viungo ambao watu wa Maryland wanaweka kwa kaa, kwa mahindi, nadhani hata kwa chai ukiwaachia. Alileta pia nyundo ndogo za mbao, akamfundisha Mumbi kuvunja gando bila kuipeleka nyama kwenye nguo ya jirani. Mumbi alifeli mtihani huo mara nne. Haile, ambaye dini yake haimruhusu kula kaa, alikuwa amewashika wale watano wa lifti peke yake na hakuonja hata mmoja. Alikaa kwenye kona yake akikaanga kahawa kwenye jiko dogo la gesi, na moshi wake ukaifanya harufu ya uani kuwa kitu ambacho Honorata hakuwahi kukinusa mahali pengine popote.

"Mama," Elieth akamuuliza Bi Kizzy, "Kiswahili hiki umekitoa wapi?"

Bi Kizzy alifuta vidole. Alikisoma chuoni, akasema, miaka ya sabini, kwa mwalimu wa kutoka Tanga aliyekuwa mkali kuhusu ngeli kuliko kuhusu kitu kingine chochote. Alikuwa na ndoto ya kwenda kuishi huko. Baadaye akapata watoto, akapata kazi ya ualimu, mwalimu wake akafariki, na Kiswahili kikabaki kwenye vitabu.

"Lakini mama, miaka mitatu tunapanda lifti pamoja!" Honorata akasema. "Mbona hukunisemesha?"

"Niliona haya," Bi Kizzy akasema. "Wewe unazungumza kwa kasi kama mvua. Mimi nina kutu. Kwa hiyo nilikuwa ninasikiliza tu."

Honorata aliacha kutafuna. Miaka mitatu. Kila jioni akirudi kazini alikuwa akipiga simu nyumbani ndani ya lifti ile, kwa uhuru wote, kwa kuwa nani angesikia? Alikuwa amemsema meneja wa jengo. Alikuwa amemsema wifi yake. Na aliwahi, Mungu amsamehe, kumsema mama mmoja wa ghorofa ya tatu na kofia yake yenye manyoya ya tausi.

"Nilisikia pia kuhusu kofia," Bi Kizzy akasema kwa upole. "Baada ya hapo niliiacha. Ulikuwa na haki."

Honorata alijifunika uso kwa mikono yake yenye viungo, kosa ambalo lilimtoa machozi ya kweli. Mumbi alikuwa amelala kwenye nyasi, hoi kwa kucheka.

"Ila kuna jambo moja limenisumbua tangu Februari," Bi Kizzy akaendelea, akimsogelea. "Dada yako wa Muleba. Je, alirudiana na mumewe? Lifti ilifika kabla hujamaliza."

Ikabidi Honorata, macho yakimwagika, asimulie habari yote tangu mwanzo, na meza nzima ikatulia kusikiliza. Walirudiana. Bi Kizzy akapiga makofi.

Queen alikuwa amekaa karibu na yule mama muda wote huo. Kila alipomuuliza kitu kwa Kiingereza, Bi Kizzy alimjibu kwa Kiswahili, taratibu, kisha akangoja, bila kukunja uso na bila haraka. Mara ya tano au ya sita, Queen alishusha pumzi, akatazama huku na huku kama anayetaka kuvuka barabara.

"Bibi," akasema, "naomba... hiyo nyundo."

"Chukua, mjukuu wangu," Bi Kizzy akajibu, kana kwamba si kitu.

Honorata alisikia. Alijua mtoto ni kama mche uliochipua leo asubuhi, ukiushikashika unaukata. Akageukia sufuria akaikoroga, ingawa ilikuwa tupu.

Kisha Mumbi akaunganisha simu yake na spika ya Haile. Ulikuwa mdundo wa Kikongo, ule wa magitaa yanayokimbizana, na Elieth akamwinua Queen kutoka kitini akisema, "Jana hukuamini. Haya, tazama mama yako." Honorata alikataa mara mbili. Mara ya tatu nyonga zake zilikuwa zimeshakubali. Alicheza pekupeku kwenye nyasi, khanga kiunoni, mabega yametulia kama amebeba mtungi wakati kiuno kinafanya kazi yake yenyewe, na waliomjua wakapiga vigelegele, na wasiomjua wakasimama. Haile alimjibu kwa mabega, kwa namna ya kwao. Bi Kizzy akaingia na ufagio. Jua lilikuwa bado juu ya paa za Lanham walipokwisha kuchoka wote.

Jumapili walikwenda misa ya saa nne, wakachelewa, wakasimama nyuma. Baada ya misa walikodi mashua za kukanyaga kwa miguu kwenye bwawa lililo karibu na ule mnara wa kwenye ratiba, kwa sababu Queen aliomba. Mumbi na Elieth walikanyaga kila mmoja upande wake, wakazunguka mahali pamoja kama kinu cha kusagia, wakamaliza muda wao wote mita ishirini kutoka gatini. Mlinzi wa mashua alilazimika kuwavuta kwa kamba. Mumbi alimpungia mkono kama malkia.

Uwanjani Dulles, jioni, hakuna aliyefoka.

"Usikae tena miaka kumi na mitano," Elieth akasema.

"Desemba mwakani, Morogoro," Honorata akajibu. "Nina likizo nyingi mpaka bosi anaona aibu."

"Andika basi," Mumbi akasema. "Wewe si ni mtu wa kuandika?"

Honorata akatoa simu, akaandika palepale, mbele yao, barua ya kuomba siku ishirini na moja. Aliituma kabla hawajafika kwenye foleni ya ukaguzi. Mumbi akambusu Queen kila shavu, akamwekea mkononi kikoba kidogo cha hariri kutoka Guangzhou, akaondoka akiimba.

Jibu la bosi lilikuja Jumatatu asubuhi, Honorata akiwa kwenye banda la vioo, kidole chake cha shahada kimefungwa plasta kwa sababu ya kaa mmoja ambaye hakuwa amepoa vizuri. Lilikuwa neno moja, na lilikuwa la kukubali. Alilisoma mara mbili, akaiweka simu mfukoni, akaendelea kumwagilia safu yake ya maharage, nyonga zikienda taratibu kwa mdundo ambao mle ndani hakuna mwingine aliyeusikia.